Jozi ya Bwana Lacey

Marlow's Ford, Ohio
9 Januari 1843

Mume wangu mpenzi,

Nakusalimu kwa jina la Mwokozi wetu, nikitumaini barua hii itakukuta mzima huko Washington. Sisi tu wazima. Unisamehe mwandiko, wino umeganda na kila mara naurudisha jikoni kuuyeyusha.

Jumapili, baada ya ibada, Tabitha Grayfoot alikuja hapa kwa miguu katika theluji yote hii. Unamjua, si mtu wa kuombaomba. Alikaa karibu na moto na shali yake mabegani. Nikamwambia, "Dada Tabitha, vua shali upate joto."

Akasema, "Nikivua nitakaa, nikikaa nitalia, na mimi nimekuja kuongea."

Basi akaongea. Machifu wao wamekwisha tia sahihi mkataba, na kiangazi hiki Wayandoti wote, Wahindi Wekundu wa mwisho hapa Ohio, watahamishwa ng'ambo ya mto Mississippi. Hataki kugombana na machifu. Anachotaka ni kile kishamba chake tu, chemchemi, ile miti anayogema sukari, na makaburi ya wanawe watatu nyuma ya kibanda. "Wazee wameuza," aliniambia, "sawa. Lakini wanangu hawakutia sahihi."

Nikamwambia umeshapeleka Bungeni muswada wa kumwachia shamba lake mpaka kufa kwake, na kwamba utasimama nao mwenyewe. Akauliza wabunge ni wangapi. Nikasema zaidi ya mia mbili. Akacheka, mara ya kwanza tangu mkataba. "Watu mia mbili kwa ajili ya kibanda kimoja! Ningejua ningefagia."

Amasa, nimempa neno lako. Usiniangushe mbele yake.

Mkeo akupendaye,
Keturah Prewitt


Washington
19 Januari 1843

Mke wangu Keturah,

Barua yako imenifikia nikiwa na mafua lakini nina moyo. Muswada wa Tabitha umepita katika kamati. Sasa unangoja zamu yake mbele ya Baraza zima, pengine mwisho wa Februari. Bunge hili linavunjika tarehe tatu Machi, na kitakachokuwa hakijapita siku hiyo kimekufa.

Wapinzani wetu ni watu wa Georgia na jirani zao. Wanasema Mhindi mmoja akiachwa Ohio kwa baraka ya Bunge, wale waliofukuzwa Georgia watadai kurudi kesho yake. Bwana Fontaine Lacey ni mmoja wao, na ndiye rafiki yangu mkubwa hapa, kama ujuavyo. Tunakula meza moja kwa Bi Claxton tulikopanga, tunatukanana mchana na kupeana chumvi jioni.

Lacey amepata habari kwamba mwanawe mdogo ana homa kali, naye ameondoka jana. Kabla ya kuondoka alisimama mezani akasema, "Prewitt, nipe mkono. Wewe hunyamazi hata usingizini, sasa utanyamaza kwa ajili yangu."

Bi Claxton akadakia kutoka jikoni, "Mungu asifiwe, nyumba itapumzika!"

Ndiyo ile desturi yetu ya kufunga jozi. Mbunge akisafiri humshika mkono mpinzani wake, na mpaka arudi hakuna kati yao atakayepiga kura, ili safari ya mmoja isiwe faida ya mwingine. Haiandikwi popote, ni mkono tu. Anayeivunja hapati tena mtu wa kula naye humu mjini.

Nisingeweza kumkatalia. Mwaka jana, nilipokuja kumzika binti yetu Lovina, ni Lacey aliyefunga jozi nami. Wenzake walimwita mwoga na msaliti, yeye akakaa na mikono mfukoni mpaka niliporudi.

Mumeo,
Amasa Prewitt


Marlow's Ford
30 Januari 1843

Mume wangu,

Tumemwombea mtoto wa Bwana Lacey katika darasa letu la sala. Tabitha ndiye aliyeomba kwa sauti, tena kwa lugha yake, maana anasema Kiingereza chake kinamchelewesha akiwa na haraka na Mungu. Alipomaliza hakuna aliyetaka kuinuka.

Sasa nisaidie mimi niliyesoma shule ya miezi ya baridi tu. Barua yako nimeisoma nikairudia. Kama Bwana Lacey yuko Georgia, na wewe umefungwa mdomo mpaka arudi, siku ya Tabitha ikifika nani atamsemea? Sisemi ulifanya vibaya. Nami nakumbuka alivyotutendea wakati wa Lovina, na kila usiku namtaja. Lakini nalala vibaya.

Tabitha ameanza kusafisha vyombo vyake vya kukingia maji ya miti, kana kwamba atagema mwaka huu na mwakani pia. Nimemwona na sikusema kitu.

Keturah


Washington
8 Februari 1843

Keturah mpenzi,

Ondoa hofu. Jozi inafunga kura, haifungi mdomo. Nitamsemea Tabitha mpaka waniombe nikae. Na Lacey atakuwa amerudi kabla. Mtoto anapata nafuu, aliniandikia hivyo mwenyewe.

Tena nikwambie siri. Siku moja kabla hajaondoka nilimwomba kwamba siku ya kura hiyo atoke nje kidogo akanywe maji. Alinitazama sana, kisha akasema, "Kama huyo bibi anatengeneza sukari jinsi unavyoisifu, huenda siku hiyo nikapatwa na kiu." Lacey hajawahi kukaribia ndiyo zaidi ya hapo. Akirudi tu, mambo yamekwisha.

Mwambie Tabitha ageme.

Amasa


Washington
25 Februari 1843

Mke wangu,

Muswada ulifika jana na umeanguka. Kura zilikuwa sawa pande zote mbili, na sheria ya Baraza ni kwamba sawa ni kuanguka. Nilisema karibu saa nzima. Hakuna la kufanya tena katika Bunge hili.

Sijui umwambie nini Tabitha. Mwambie nilisema.

Usinitazamie mapema. Barabara ni tope tupu na kifua kinanisumbua.

Amasa


Marlow's Ford
13 Machi 1843

Mume wangu,

Nilikwenda kwa Tabitha siku ile ile niliyopata barua yako. Alikuwa anachemsha utomvu, moshi umemzunguka. Nikamweleza kura zilivyokuwa sawa. Akauliza, "Hata na ya Bwana Prewitt?" Nikasema ndiyo, pamoja na ya Bwana Prewitt, wote waliokupenda wamesema ndiyo na bado haikutosha. Akatikisa kichwa, akaendelea kukoroga, maana sukari haimngojei mtu.

Jumamosi tulikwenda pamoja posta. Unamjua Elihu Crump anavyotuchukia tangu uchaguzi. Duka limejaa watu, yeye yuko nyuma ya meza na gazeti la Washington, akapaza sauti, "Bi Prewitt, hongera! Nasikia mheshimiwa amepata ububu."

Nikamwambia, "Mume wangu amesema saa nzima, Bwana Crump, na wewe ukisema dakika moja watu wanafungua madirisha."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Kusema, amesema. Kura je? Wameita majina, yeye amekaa kimya kama gunia la shayiri. Si ndiyo, si hapana. Kura zimefungana, mama. Ya kwake moja ingempa huyu bibi shamba lake."

Nikamwita mwongo, Amasa. Mbele ya kanisa zima karibu, mimi ambaye sijamwita mtu mwongo tangu nizaliwe mara ya pili. Nikasema mume wangu angepiga kura hata akibebwa kwa machela. Kisha nikamwona Tabitha ananitazama, si kwa hasira, ananitazama kama unavyomtazama mtoto anayekaribia barafu nyembamba.

Niandikie kwamba nilisema kweli.

Keturah


Bedford, Pennsylvania
29 Machi 1843

Keturah,

Crump hakusema uongo. Kamwombe radhi, au usimwombe, ufanye unavyoona.

Niko kwa dada yangu Drusilla. Nimeshindwa kuendelea na safari. Kifua ni kisingizio, ingawa kweli kinauma.

Lacey hakurudi. Karani aliita jina langu, nikasimama, nikasema nina jozi na Bwana Lacey wa Georgia, na kama si hivyo ningesema ndiyo. Nikakaa. Akaita jina lililofuata. Ukumbi ulikuwa umetulia kiasi kwamba nilisikia kalamu yake. Spika alipotangaza kwamba zimefungana, mzee mmoja wa New York aliyekaa nyuma yangu aliniinamia sikioni, akasema, "Prewitt, umefunga jozi na nani hasa?"

Kwa maana Lacey alikuwa amekwisha kufa. Mtoto alipona, yeye akapatwa na homa ya mapafu akiwa njiani kurudi, akafia katika nyumba ya wageni huko Carolina, zaidi ya wiki moja kabla ya kura. Barua yenye muhuri mweusi ilifika kwa Bi Claxton tarehe ishirini na nane Februari. Nilikuwa nimemtunzia neno mtu ambaye yuko kaburini.

Ahadi ni deni, mke wangu. Ndivyo baba yangu alivyonilea. Sikujua. Ningejuaje?

Amasa


Marlow's Ford
24 Aprili 1843

Mume wangu,

Nimelia sana juu ya barua yako, kwanza kwa Bwana Lacey, kisha kwako. Naona umekaa kwa Drusilla ukijila mwenyewe. Acha. Mtu hawezi kujua lililo mbali isipokuwa Mungu amwambie, na hakukuambia.

Nilimpelekea Tabitha barua yako, nikamsomea yote. Niliogopa. Akaniuliza, "Alimshika mkono?"

Nikasema ndiyo.

"Na hakujua kwamba amekufa?"

Nikasema hakujua.

Akasema, "Basi asingeweza kufanya vingine. Sisi tumeshikwa mikono na watu wa Washington tangu bibi yangu akiwa msichana. Huyu ni wa kwanza kuushika mkono mpaka mwisho. Kwa bahati mbaya haukuwa mkono wetu." Kisha akanicheka, maana nilikuwa nimelowesha barua yako. "Usilie juu ya wino, Keturah, utashindwa kuisoma tena."

Nakwambia Amasa, ni mtakatifu yule, na sisi tunamfukuza. Lakini amekusamehe, na mimi nimeshikilia hapo. Rudi nyumbani. Barabara zimekauka. Umsaidie japo kufunga mizigo.

Mkeo,
Keturah


Bedford
20 Mei 1843

Keturah,

Nimepata barua yako. Mshukuru Tabitha. Siwezi kuja bado. Usiniulize sababu, nakuomba.

Amasa


Karibu na Augusta, Georgia
12 Juni 1843

Kwa Bi Prewitt, mheshimiwa,

Hunijui, nami sikujui ila kwa maneno ya marehemu mume wangu, Fontaine Lacey, aliyekuwa akisema kwamba Bwana Prewitt ana mke aliye bora kuliko siasa zake. Samahani kwa mzaha huo, ni wa kwake na ninayatunza maneno yake yote.

Nimechelewa kuandika kwa sababu ya msiba. Tulimleta nyumbani, tukamzika chini ya mierezi, na hata watumwa wetu walilia kaburini. Mwanangu amepona kabisa. Lakini nisingepata amani bila kumshukuru mumeo kupitia kwako, maana yeye mwenyewe nimemwandikia mara mbili na hajajibu. Nadhani ni kwa unyenyekevu.

Shemeji yangu Horatio alikuwa Washington siku ile ya kura. Asubuhi hiyo alikuwa amekutana na abiria wa gari la posta aliyelala katika nyumba ile ile ya wageni huko Carolina na kuona jeneza la mume wangu likifungwa. Horatio akaenda moja kwa moja kumtafuta Bwana Prewitt, akamkuta kwenye ngazi za Bunge, akamwambia, "Fontaine hatunaye." Anasema mumeo alishika nguzo, akalia waziwazi mbele za watu.

Kisha wabunge wa upande wetu wakaja wakamzunguka. Wakamwambia, "Barua haijafika. Hii ni habari ya barabarani. Utavunja jozi ya muungwana kwa umbea wa abiria?" Horatio, ingawa ni ndugu wa damu, alimwambia, "Bwana, mimi naamini amekufa. Uko huru." Mumeo akajibu, "Nilimpa mkono mbele ya mashahidi. Mpaka nione kwa mwandiko, bado nimemshika." Akaingia, akakaa, hakupiga kura, wakati kura yake ndiyo ingeshinda.

Bi Prewitt, huku kwetu kisa hiki kinasimuliwa mezani kwa vijana wapate kujua muungwana ni mtu wa namna gani. Nitamsimulia mwanangu akikua. Kila nikilala najiambia, kulikuwa na mtu mmoja aliyekataa kumwita Fontaine maiti mpaka alipolazimika.

Mungu awabariki nyote wawili na nyumba yenu.

Euphemia Lacey


Marlow's Ford
14 Julai 1843

Bwana Prewitt,

Barua ya Bi Lacey ilinifikia siku moja kabla ya Wayandoti kuondoka. Umeshajua imesema nini, ndiyo maana hukuwa ukimjibu.

Sikulaumu kwa kulia kwenye zile ngazi. Sikulaumu hata kwa kukaa. Nimepiga magoti usiku kucha nikitafuta mahali pa kukulaumu, na kila mara namwona Lovina kwenye jeneza, na Bwana Lacey amekaa na mikono mfukoni kwa ajili yetu. Lakini uliniandikia "Sikujua. Ningejuaje?" Nikaenda nikamsomea Tabitha. Nikamtazama machoni nikamwambia hukujua. Ahadi ni deni, ndiyo, lakini umenilipisha mimi uongo, nikaupeleka kwa mikono yangu kwa dada yangu katika Kristo.

Na laiti ungekuwa umemshika mkono yeye peke yake, si wapinzani wa Tabitha! Wale waliokuzunguka walijua amekufa, Amasa. Ndugu yake alijua. Kulikuwa na mtu mmoja tu kwenye ngazi zile aliyehitaji barua.

Asubuhi ya kuondoka nilikwenda kwake mapema. Alikuwa anafagia kibanda. Nikamwuliza unafagia ili iweje, akasema, "Mimi sihami na uchafu wangu, wala simwachii mtu." Vyombo vyake vilikuwa vimeshapakiwa kwenye gari la mpwa wake. Tukaenda nyuma, kwa watoto, makaburini. Aliwaaga mmoja mmoja kwa lugha yake, wa mwisho alichukua muda. Mimi nilisimama na barua ya Bi Lacey mfukoni mwa aproni.

Akaja akanishika mikono. "Bwana Prewitt bado hajarudi?"

Nikasema bado.

"Mwandikie aje nyumbani. Mwambie simlaumu, hakujua. Mtu aliyeshika neno asijifiche kama mwizi."

Nikafungua mdomo. Niliona magari yamejipanga mpaka kwenye daraja, wanawake wamebeba mbegu za mahindi shingoni kwenye vifuko, mzee mmoja kipofu anauliza kila anayepita kama kanisa bado linaonekana. Nikaona hana kitu anachokwenda nacho kutoka kwetu isipokuwa hicho, kwamba mzungu mmoja alishika neno kwa kutokujua. Nikafunga mdomo. Nikasema, "Nitamwambia."

Hivyo nimekuwa kama wewe. Sijui nimetenda rehema au dhambi, na mchungaji sithubutu kumwuliza.

Sasa nikupe habari iliyobaki. Shamba limechukuliwa na mtu aitwaye Strunk, kutoka mashariki. Jana nilimkuta anang'oa mbao za makaburi. Nikamwambia, "Bwana, hapo wamelala watoto."

Akasema, "Mama, hizi ni mbao tu. Jumatatu napitisha jembe, ardhi nzuri kama hii haiwezi kulala bure."

Nikaenda kwa hakimu. Ni muungwana, alinipa kiti. Alinisikiliza, kisha akauliza mume wangu yuko wapi, maana mwanamke aliyeolewa hawezi kuleta shauri peke yake. Nikasema yuko Pennsylvania. Akasema basi aje, au aandike. Nikamwambia utaandika. Sikuona aibu, nimeshazoea kukusemea.

Leo ni Ijumaa. Najua barua hii haitakufikia kabla ya Jumatatu, na jibu lako halitafika kabla ya mahindi ya Strunk kuota. Nimeiandika hivyo hivyo. Ukija, usipitie nyumbani kwanza. Jumatatu asubuhi nitakwenda kukaa pale, kati ya mtoto wa kwanza na wa pili, na nitakaa mpaka wanitoe.

Keturah Prewitt